Dalili za Datsun 240Z katika joto, vumbi na mwinuko wa Dodoma

Gari ninalolifufua uani kwangu, Kisasa, ni Datsun 240Z ya mwaka 1972 yenye injini ya L24: silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili za Hitachi zinazofanya kazi kwa mtindo wa kabureta za SU za Uingereza. Magari ya aina hii yalishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Langu halijashinda kitu isipokuwa subira ya mke wangu. Nililikuta limekaa miaka mingi bila kuwashwa, na katika kulifufua nimelibadilisha pia. Pointi za distributa zimetolewa na mahali pake pamewekwa moduli ya elektroniki, feni iliyokuwa ikizungushwa na injini imeipisha feni ya umeme, eksozi ya kiwandani imeipisha manifoldi ya mabomba sita, springi zimefupishwa, na kwa muda kulikuwa na pampu ya mafuta ya umeme ambayo nitaieleza pamoja na aibu yake hapo chini.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayoufanya utafutaji wa ubovu kuwa mgumu, kwa sababu kila dalili ina wazazi wawili wanaoweza kudai kuizaa, yaani uzee wa chuma na mkono wa mwenye gari, na kitabu cha kiwanda kinamjua mzazi wa kwanza tu. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote nasoma daftari ninamoandika kila kazi na tarehe yake, nikianzia na kitu cha mwisho kuguswa, na sinunui spea mpaka walau kipimo kimoja kiwe kimekielekezea kidole kitu hicho. Spea za gari hili sijawahi kuzipata Dodoma, na kule Gerezani, Dar es Salaam, nimepata zile tu zinazoingiliana na Datsun nyingine za injini ya L. Zilizobaki huagizwa nje, na kuagiza kitu ambacho hakikuwa kibovu ni kupoteza fedha na mwezi mzima.

Linawaka asubuhi, linazima likishapata moto

Hii ndiyo dalili iliyonisumbua kuliko zote. Injini huwaka mara moja asubuhi, gari hutembea vizuri kwa dakika ishirini au thelathini, kisha hukohoa na kuzima. Ukilipumzisha kivulini kwa nusu saa linawaka tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Wengi watakuambia ni kabureta. Niliambiwa hivyo, nikaamini, nikazifungua kabureta zote mbili Jumamosi tatu mfululizo, nikazisafisha hadi ziking'aa, na gari likaendelea kuzima palepale karibu na mzunguko wa barabara kana kwamba limepangiwa kituo.

Sababu kuu ni mbili, na zinafanana sana kwa mtu aliyeketi nyuma ya usukani. Ya kwanza ni petroli kugeuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta. Katika injini ya L24 njia ya kuingiza hewa na njia ya kutolea moshi ziko upande mmoja wa silinda hedi, hivyo kabureta hukaa juu ya eksozi kama sufuria juu ya jiko, na manifoldi ya mabomba yasiyo na kinga huzidisha moto huo, hasa mwezi wa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza. Sababu ya pili ni umeme wa kuwashia: koili, moduli au kiungio cha waya kinachofanya kazi kikiwa baridi na kuachia kikipata joto.

Mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari anayefanyia kazi chini ya mwarobaini maeneo ya Chang'ombe, ndiye aliyenionyesha namna ya kuzitenganisha sababu hizo bila kushika spana. Baada ya kunisikiliza hadi mwisho aliuliza swali moja.

"Kijana wangu, likizima, mshale wa RPM unaanguka wenyewe, au unashuka pamoja na injini?"

"Sijauangalia, mzee."

"Basi kauangalie kwanza, ndipo uje."

Maana ya swali lake ni hii. Katika 240Z umeme unaokwenda kwenye koili hupitia kwanza kwenye geji ya RPM, yaani ya mizunguko ya injini kwa dakika, na geji husoma mapigo ya mkondo huo huo. Gari likiwa katika gia na bado linatembea, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini hata kama haichomi mafuta. Ikiwa petroli ndiyo imekosekana, cheche bado zipo, kwa hiyo mshale hushuka taratibu kadiri gari linavyopunguza mwendo. Ikiwa umeme wa koili umekatika, mshale huanguka hadi sifuri kwa mara moja ilhali gari bado linakimbia. Nilitoka siku iliyofuata kwenye barabara ya Singida, nikaweka macho mawili yangu yagawane kazi, moja barabarani na moja kwenye geji, na gari lilipozima mshale ukaanguka kama embe bovu.

Ubovu ulikuwa nyuma ya dashibodi, kwenye kiungio cha waya unaoingia katika geji yenyewe. Mtu aliyenitangulia alikuwa amekibana kwa koleo badala ya kifaa chake, na waya ulikuwa umebaki umeshikwa na nyuzi tatu zilizogeuka rangi ya kijani. Joto lilipopanda, chuma kilitanuka na nyuzi zikaachia. Nilikata kipande hicho, nikakilehemu na kukifunika, na tangu hapo dalili hiyo haijarudi. Jumamosi tatu za kabureta hazikuwa na kosa lolote zaidi ya kutafuta mahali palipokuwa pazima.

Mshale ukianguka na kiungio kikiwa salama, hatua inayofuata ni koili na rizista yake. Koili ya kiwandani ilipangwa ifanye kazi pamoja na rizista ya nje, na watu wengi wanapoweka moduli ya elektroniki huiondoa rizista hiyo bila kupima koili. Pima kwa multimita kati ya ncha mbili ndogo za koili: ikiwa ni takriban omu 1.5, rizista inahitajika na bila hiyo koili itachemka kiasi cha kutoshikika; ikiwa ni takriban omu 3, rizista haihitajiki. Moduli yenyewe, kwa upande wake, inataka volti kamili, hivyo waya wake mwekundu uchukue umeme kabla ya rizista na si baada yake. Ukikosea hapo, gari litawaka likiwa baridi na kukusaliti likipata moto, na lawama zitarudi kwenye kabureta kama kawaida.

Mshale ukishuka taratibu, ifuate petroli. Fungua boneti mara tu gari linapozima, utazame filta ya mafuta ikiwa ni ya plastiki inayoonesha ndani. Ukikuta nusu yake ni tupu na mapovu yanapita, toa plagi moja, na ikiwa kavu kabisa umethibitisha. Kitambaa kilicholowa maji baridi, kikizungushwa kwenye pampu na kwenye paipu ya mafuta, kitaliwasha gari mapema zaidi kama kosa ni mvuke. Tiba si kitambaa. Tiba ni kinga ya bati kati ya mabomba na kabureta, paipu ya mafuta isiyogusa chuma cha injini, vipande vya kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi virudishwe vyote, na njia ya kurudishia petroli kwenye tangi isizibwe, kwa sababu petroli inayozunguka haipati nafasi ya kuchemka.

Moshi mweusi, harufu ya petroli na plagi zenye masizi

Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi kinachokaribia moja ya kumi. Kabureta haina ubongo wa kuligundua hilo. Hewa inayoingia ina uzito mdogo zaidi, petroli inayovutwa haipungui kwa kiwango hicho hicho, na matokeo yake ni mchanganyiko wenye petroli nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo nguvu za injini nazo hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, na kuitafuta sehemu hiyo iliyopotea kwa kubadilisha spea ni kuutafuta upepo. Gari lililotoka Dar es Salaam likiwa na nguvu litaonekana limechoka hapa hata kama ni zima.

Kabla ya kugusa nati ya jeti, ile inayoongeza au kupunguza petroli, hakikisha nyaya za choki zinarudi hadi mwisho, kwani waya mkavu ukiganda nusu njia hutoa moshi ule ule mweusi. Hakikisha pia kwamba petroli haimwagiki kutoka kwenye bakuli la boya, ambako punje moja ya vumbi inaweza kuzuia sindano isifunge. Hapa ndipo ilipo aibu niliyoahidi. Nilifunga pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la sindano za kielektroniki, pampu inayotoa shinikizo la zaidi ya paundi 40, ilhali sindano ya boya la kabureta hizi hustahimili paundi 3 au 4 tu. Petroli ilifurika na kutiririka juu ya mabomba ya eksozi, na kilichoniokoa ni kwamba injini ilikuwa bado baridi. Pampu ya kiwandani imerudi mahali pake, na kizima moto kimewekwa karibu na kiti. Anayehitaji pampu ya umeme aitafute ya shinikizo dogo na aweke kidhibiti, kisha apime kwa geji kabla ya kuunganisha kabureta.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo mchanganyiko urekebishwe. Kabureta mbili zilinganishwe kwanza kwa hewa, kisha nati ya jeti ianze mizunguko miwili na nusu chini kutoka juu kabisa. Injini ikiwa ya moto na imetulia, inua pistoni ya kabureta moja kwa bisibisi nyembamba, kiasi cha milimita moja, usikilize. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ikishuka au injini ikitaka kuzima, petroli ni chache. Ikipanda kidogo kisha ikarudi ilipokuwa, acha.

Kuna mtego mmoja ambao wa pwani hawaujui. Ukiirekebisha kabureta iwe kamili kabisa kwa hewa ya Dodoma, kisha ukateremka hadi Morogoro, ambako mwinuko ni takriban mita 500, hewa nzito itafanya petroli iwe chache, injini itagonga kwenye mzigo na joto litapanda. Mimi huiacha na petroli zaidi kidogo, robo mzunguko hivi, na navumilia plagi zenye rangi ya kahawa iliyoiva badala ya rangi ya mbao mpya. Anayetembea mjini tu hana haja ya tahadhari hiyo.

Linachemsha

Swali la kwanza ni lini. Likichemsha katika foleni au likiwa limesimama na kutulia likiwa barabarani, mtuhumiwa ni feni; likichemsha kwenye mwendo mkubwa na kutulia mjini, feni haihusiki kabisa, kwa kuwa upepo wa mwendo unazidi wa feni yoyote.

Feni ya umeme inaweza kuzunguka kwa kelele za kutosha na bado ikawa inazunguka kinyume, kwa sababu nyaya mbili zimebadilishana mahali. Weka karatasi mbele ya rejeta wakati feni inafanya kazi: karatasi ishikwe na rejeta, isipeperuke kuelekea kwako. Nimeona gari la rafiki lililobadilishiwa wota pampu na themostati kabla ya mtu kufikiria karatasi.

Kwa mwendo mkubwa, angalia rejeta iliyoziba. Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Makutupora, na yeyote aliyewahi kutazama ndani ya birika lake anaujua ukoko mweupe ninaouzungumzia. Rejeta iliyojazwa maji ya bomba miaka na miaka hujenga ukoko huo ndani ya mirija. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha kiganja polepole karibu na uso wa rejeta. Sehemu zilizo baridi ndizo zilizoziba. Baada ya kuzibuliwa, itiwe kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale yale ya kuongezea betri. Mpira wa chini wa rejeta nao utazamwe kwa makini wakati msaidizi anakanyaga mafuta: ukizeeka hunyonywa ndani na kujibana. Taimingi iliyochelewa, yaani cheche inayotoka baada ya wakati wake, na petroli chache huleta dalili hiyo hiyo.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa, na hapa kwetu hakistahili. Katika sufuria lililo wazi maji huchemka Dodoma kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko kizima cha paundi 13 huyasogeza hadi karibu nyuzi 116. Kilicholegea huiacha injini ikifanya kazi nyuzi chache tu chini ya kuchemka. Kuhusu themostati, sikubaliani na desturi ya kuing'oa na kutembea bila hiyo. Ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto. Ikianza kufunguka karibu na nyuzi 82, irudishe, kwani injini isiyofikia joto lake hunywa petroli na kuchafua oili.

Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta pindi tu injini inapowaka, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni gasketi ya silinda hedi. Hapo usiwashe tena.

Nguvu zinakufa kwenye mlima

Gari hutembea vizuri tambarare, kisha kwenye mlima mrefu, kwangu ulikuwa Nyang'oro katika barabara ya Mtera kwenda Iringa, linaanza kukosa pumzi na kupata nafuu ukiachia mafuta kidogo. Petroli haifiki kwa kiasi cha kutosha. Gari lililokaa lina tangi lenye kutu, na kutu husafiri. Nilipopasua filta kwa msumeno na kupitisha sumaku ya spika juu ya unga wa kahawia uliokuwamo, unga ukasimama wima kama manyoya ya paka aliyekasirika. Tangi lilishushwa, likaoshwa, na filta mbili zimefungwa, moja kabla ya pampu.

Kama filta ni safi, fungua kifuniko cha tangi mara gari linapokosa nguvu. Mlio wa hewa kuingia kwa kasi una maana kwamba mipira ya kupumulia tangi, ambayo katika 240Z ni mingi na yote ni mizee, imebanana, na pampu inavuta dhidi ya ombwe.

Taa hafifu na geji zinazodanganya

Mshale wa joto ukipanda pale tu unapowasha taa, usiiguse rejeta. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, ndiyo mbovu. Multimita iwekwe kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini wakati stata inazunguka: ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi au mahali unapofungwa pana kutu. Injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Taa za mbele zikiwa hafifu na swichi yake ikiwa ya moto mkononi, ni kwa sababu mkondo wote wa taa hupitia kwenye swichi hiyo. Weka rilei mbili, na swichi itabaki na kazi ya kuamuru tu.

Breki na chini ya gari

Hapa nitapita haraka. Gurudumu likibaki limeshikwa baada ya kuachia breki, fungua nipo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia papo hapo, mpira wa breki umevimba ndani, na kalipa ni nzima. Springi zilizofupishwa hubadilisha pembe za stelingi, hivyo gari linalohamahama kwenye matuta na makorongo lipimwe alaimenti kabla ya kubadilishiwa bushi. Kwa mtikisiko wa kuanzia kilomita 80 kwa saa, soma kwanza tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi. Tairi la miaka kumi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa halina duara.

Moshi wa bluu na oili inayopungua

Moshi wa bluu ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko, sili za vali zimekauka. Ukitoka unapokanyaga, ni ringi. Wanaopenda sauti huziacha kabureta wazi bila filta ya hewa. Kwa vumbi la hapa kiangazi, hiyo ni kuisaga injini kwa msasa, na silinda hazitamaliza msimu.

Kipimo cha kompresheni ndicho kinachoamua. Tarakimu za kitabu zitakuwa juu kuliko utakazozipata, kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo linganisha silinda zenyewe kwa zenyewe: ya chini isiwe pungufu ya asilimia 80 ya ile ya juu. Zangu zilisoma 150, 148, 152, 149, 118 na 151. Nilitia kijiko kimoja cha oili katika silinda ya tano na kupima tena. Ingepanda sana, ringi zingekuwa na kesi ya kujibu, lakini ilifika 121 tu. Nikafungua kifuniko cha vali. Nafasi ya vali ya moshi ya silinda hiyo, ambayo injini ikiwa baridi inatakiwa iwe milimita 0.25, ilikuwa haipitishi hata ulimi wa 0.10 wa fila geji, maana yake vali haikuwa ikifunga hadi mwisho. Nilirekebisha kwa spana mbili, nikalitembeza gari hadi Bahi na kurudi, na lilipopoa nikahakiki nafasi ile. Jioni iliyofuata nililiwasha hadi lipate moto, nikapima kompresheni tena. Ya tano ilisoma 146.